Urefu wa Kibiriti

Usa River, Arusha
12 Februari 2023

Kwa dada yangu Eliza, Misigiri.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Stumai na mjomba Filipo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Zefania ameingia darasa la tano na tayari ananifika kidevuni; viatu nilivyomnunulia mwezi wa nane havimwingii tena.

Utashangaa kuona barua wakati simu unayo. Siku ya kuanua matanga ya mama ulisema mbele ya watu wote kwamba sauti yangu isifike tena sikioni kwako, kwa sababu imesema "nakuja" mara nyingi mno bila mwenyewe kuonekana. Sikukujibu siku ile na leo sijibu. Nimeona niandike tu. Innocent, dereva wa lori la mzee Ramesh wa pale Utemini mjini Singida, hupita Misigiri akienda Nzega. Atakuachia barua, na jibu unaweza kumpa yeye.

Kazi yangu ni ileile kwa Vishal, mtoto wa mzee Ramesh. Yeye na mkewe Janvi wana bustani ya watoto: bembea, sungura, farasi mmoja mzee, na wazazi wanaleta watoto wao kusherehekea siku za kuzaliwa. Mimi ndiye msimamizi wa wanyama. Mwaka juzi walileta kutoka Afrika Kusini punda watatu wa ajabu. Ni punda kamili dada, masikio na msalaba mgongoni, lakini hawanifiki kiunoni. Wamekua na kuzeeka wakiwa hivyohivyo. Vishal anasema asili yao ni visiwa vya Italia, Sisilia na Sardinia. Huko zamani walikaa na watu ndani ya nyumba, wakifungwa kitambaa machoni ili wazungushe jiwe la kusagia nafaka bila kizunguzungu. Wengine waliwabebea wachungaji maji milimani. Baadaye Wamarekani wakawapenda, wakawachukua kwao, wakawazalisha wawe wadogo zaidi. Sasa hawafanyi kazi yoyote, kazi yao ni kupendwa.

Na wanapendeka. Punda mdogo anakuja mwenyewe, anakuwekea kichwa mapajani, anashusha pumzi kama mzee aliyetoka shamba. Mtoto anayeogopa mbwa haogopi punda huyu. Juzi mama mmoja wa mjini, na gari lake la maana, alimkumbatia shingoni akalia kimya, kisha akafuta uso akaendelea kukata keki. Usiku wa baridi tunawavalisha blanketi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Majike wawili wamekufa kwa ugonjwa wa mapafu. Amebaki dume, anaitwa Pipo, na anakataa kula kwa upweke. Kuagiza jike mwingine imeshindikana. Nikamkumbuka Kibiriti wetu, naye jike na mfupi hivyohivyo. Nimemwambia Vishal kwamba hata kwetu Iramba wako punda wa aina hii. Naomba unipe Kibiriti. Nitakuletea punda mkubwa mwenye nguvu badala yake.

Wako mdogo,
Calist


Misigiri
26 Machi 2023

Calist,

Marahaba. Sisi tupo. Mvua imekatika katikati ya Februari, alizeti imesimama magotini na mahindi yamejikunja. Kuku wamekwisha kwa kideri, wamebaki wanne. Stumai amejifungua salama mtoto wa kike, kwa hiyo sasa mimi ni bibi na wewe ni babu, zoea. Mjomba Filipo macho yamezidi kufifia lakini ulimi uko palepale.

Barua yako niliipata mapema. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nacheka, kisha nikaacha kucheka. Nilimsomea mjomba kwa sauti, na tulipofika kwenye blanketi akaniambia nirudie, akidhani nimekosea kusoma. Punda analala na blanketi! Mama miezi mitatu ya mwisho alikuwa analalamika baridi, nikawa namfunika magunia ya alizeti juu ya shuka. Ulipofika ulikuta magunia yameshakunjwa.

Huyo mama aliyelia shingoni kwa punda, sishangai. Watu wanampenda mnyama asiyekua, kwa sababu asiyekua hadai kitu.

Jibu langu ni fupi. Kibiriti haendi. Kisima cha karibu kimekauka, tunachota ng'ambo ya korongo. Kibiriti anabeba madumu mawili. Punda wa wenzangu wanabeba manne, lakini hayo mawili ndiyo maji yangu, ya mzazi aliye ndani, na ya mjomba. Mimi nina miaka arobaini na minane na shingo haigeuki vizuri.

Halafu umemwambia bosi wako kwetu wako punda wa aina hiyo. Aina gani? Mama yake Kibiriti alikuwa na urefu wa kila punda. Wewe unajua kwa nini Kibiriti ni mdogo. Najua ulikuwa bwenini, lakini unajua.

Salimia Zefania. Mwambie asiache kula.

Eliza


Usa River
8 Mei 2023

Shikamoo dada.

Hongera ya mjukuu, na Stumai pia mpe hongera. Pole kwa mvua. Huku inanyesha hadi inakera, matope kila mahali, na Zefania amepata malaria lakini ameshapona.

Dada, mimi nisikilize. Pipo amebaki mifupa. Vishal amesema asipopata mwenzake, atafunga upande wote wa wanyama na kuweka michezo ya mpira wa kujaza upepo. Hapo mimi sina kazi. Ningekuwa peke yangu ningeanza upya, lakini nani ataajiri mtu wa kulisha sungura, na Zefania yuko darasa la tano?

Sikutaka kufika hapa, lakini umenifikisha. Kibiriti ni wangu. Nilipofaulu darasa la saba mjomba Filipo alinipa punda jike, akamwekesha kwa mama, na Kibiriti ni uzao wake wa kwanza. Desturi yetu unaijua: anayewekeshewa mnyama anafaidi kazi yake, lakini uzao wa kwanza ni wa mwenye mnyama. Mimi nilimwacha hapo miaka yote hii kwa heshima ya mama. Mama hayupo. Muulize mjomba mwenyewe kama nasema uongo.

Innocent atapita mwishoni mwa Juni na lori tupu. Naomba asirudi bure.

Calist


Misigiri
2 Julai 2023

Calist,

Tumevuna magunia mawili ya alizeti, basi. Mtoto wa Stumai ameanza kucheka.

Nilimuuliza mjomba. Akasema, "Ana haki." Akageukia ukuta. Kwa hiyo Kibiriti yuko njiani anakuja, na pengine atafika kabla ya barua hii.

Umekumbuka kipande kimoja cha desturi. Kipande cha pili ni kwamba uzao wa pili ni wa mfugaji. Naandika tu, ili tusije tukasahau wote wawili.

Asubuhi ile nilimtoa zizini, akaenda mwenyewe mpaka yalipo madumu, akasimama kungoja afungwe. Nikamvuta kuelekea lori. Akageuka tena kwenye madumu. Innocent akapoteza subira, akamshika miguu minne na kumbeba kama gunia la vitunguu, akamtupia ndani. Wanaume waliokuja kutazama walicheka sana jinsi alivyo mwepesi. Mimi sikucheka.

Haya uyajue. Mbavu za kushoto ana kovu, usimguse upande huo kwa ghafla. Hapendi mtu apite nyuma yake na ndoo. Hajawahi kuzaa. Alishika mimba mara mbili na zote ziliharibika kwa mizigo, na mizigo hiyo niliifunga mimi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifunga. Akikoroma usiku ni kawaida yake.

Punda mkubwa uliyesema, namngoja. Wakikuuliza kwa nini Kibiriti ni mdogo, utajibu wewe.

Eliza


Usa River
19 Novemba 2023

Kwa dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai mvua za vuli zimeanza. Zefania amekuwa wa nne darasani.

Dada, laiti ungemwona Kibiriti! Amenenepa, manyoya yanang'aa. Siku za kwanza kila asubuhi alikuwa akitafuta madumu bustani nzima, hata ndoo za watoto za kuchezea mchanga alizisimamia akingoja. Sasa ameacha. Pipo anamfuata kila aendako, anakula, na daktari wa mifugo amempima Kibiriti, akasema ana mimba. Kwato zake amezikata vizuri, zile zilizokuwa zimepinda. Watoto wanamsuka vitambaa kwenye singa za shingoni. Kuna mtoto mmoja kila Jumamosi analala tumboni kwake wote wawili wanasinzia, na baba yake anasema nyumbani mtoto huyo hasinzii bila kupiga kelele.

Wageni wanapenda kujua wanyama wametoka wapi. Vishal akaniambia niandae maelezo mafupi ya asili yake, kama yale ya Pipo ya visiwa vya Italia. Nikaandaa. Sasa kuna kibao kizuri kimechorwa pale zizini: "Punda Vibete wa Iramba." Kinaeleza kwamba enzi za Wajerumani, kwenye migodi ya dhahabu ya Sekenke, walihitajika punda wafupi wa kupita mashimoni, wakachaguliwa wadogo kwa wadogo wakazalishwa, na kizazi chao kimebaki kwa familia chache. Watu wanakisoma mpaka mwisho, wanapiga picha. Hakimdhuru mtu. Mashimo ya Sekenke yapo, Wajerumani walikuwepo, na Kibiriti yupo.

Kitu kimoja tu. Mtu akikuuliza, nawe useme hivyohivyo.

Punda mkubwa bado namtafuta. Nakuja naye mwenyewe Krismasi.

Calist


Misigiri
14 Januari 2024

Calist,

Krismasi imepita.

Umeandika "nakuja". Nilidhani ni sauti yako tu yenye ugonjwa huo, kumbe hata mkono.

Maji nachota kwa kichwa, safari mbili asubuhi na moja jioni. Stumai ananisaidia mtoto akilala. Usinitie kwenye kibao chako. Sijawahi kumwona Mjerumani, na Sekenke naijua kwa jambo jingine kabisa.

Eliza


Usa River
6 Oktoba 2024

Shikamoo dada.

Najua nimekaa kimya. Nilianza barua tatu nikachana. Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, sasa yuko salama. Habari za msiba wa mwenyekiti wa kitongoji nilizisikia kwa Innocent, poleni sana.

Nakuandikia habari njema. Kibiriti amezaa, tarehe kumi na nne Septemba, asubuhi kweupe, watoto wa shule moja wakiwa wamejipanga kwenye uzio wanatazama. Dume. Alizaa amesimama, akatusukuma sote kwa kichwa, hakutaka msaada. Binti wa Vishal amempa mtoto jina la Biskuti kwa rangi yake. Nilipomwona Kibiriti anamlamba nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Wameshaanza kuja watu wanaotaka kuandikisha majina, ili wapate watoto wa Kibiriti watakaofuata. Vishal anazungumzia kufuga punda vibete wa Iramba kwa wingi. Anataka kunifanya meneja.

Uko wapi dada? Innocent anasema akipita humpi hata salamu za kuniletea.

Calist


Usa River
15 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Sina nafasi ya salamu ndefu, unisamehe. Sote wazima.

Biskuti hajatimiza miezi kumi na tayari amempita mama yake. Pipo akisimama kando yake anaonekana mjukuu. Na bado anakua, miguu mirefu kama ya ngazi. Baba kibete, mama kibete, mtoto anachungulia juu ya uzio. Wazazi wanaokuja wanamwonyesha kidole na kusoma kile kibao mara mbili. Vishal ananiuliza, nasema ni majani mazuri ya huku. Kwa Janvi majani hayatoshi. Anasoma sana, na amekaa siku mbili anamtazama Kibiriti.

Mwezi ujao anakuja Singida kumwona mkwewe, mzee Ramesh, na amesema atapitiliza Misigiri kuonana nawe. Anataka asikie historia ya Kibiriti kutoka kwa aliyemlea. Dada, nakuomba kwa jina la mama. Sema walikuwepo wadogo. Sema bibi yake alikuwa mdogo na kwamba wakati mwingine urefu unaruka kizazi. Neno lako likitofautiana na langu mimi nimekwisha, na Zefania anaingia sekondari Januari.

Nikipoteza hii kazi sitakuwa na pa kwenda ila nyumbani, na nyumbani hunitaki.

Mdogo wako,
Calist


Misigiri
20 Julai 2025

Calist,

Huku ni baridi na upepo, msimu wake. Mjukuu anatembea na anaita kila mnyama "punda", hata kuku. Mjomba haoni tena kabisa.

Janvi alikuja Jumatano. Ni mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni hata nilipomkataza. Alileta sukari na kitenge. Alikula ugali wetu na mlenda, akamaliza. Nakuandikia yote yaliyosemwa ili usije ukasema nilikuchongea.

Nilikuwa nimekusudia kusema uongo wako. Ulijue hilo. Nilikuwa nimeuandaa wote, Wajerumani, mashimo, bibi yake Kibiriti, urefu kuruka kizazi. Nilijizoeza njiani wakati natoka kisimani. Nilisema moyoni, mtoto wa watu anaingia sekondari.

Akatoa simu akanisomea kibao chote, nikawa naitikia. Mjomba kwenye kona yake akakohoa. Kisha Janvi akaweka simu chini akaniuliza swali ambalo hukuniandaa nalo. "Dada Eliza, Kibiriti alipokuwa mdogo alikuwa anapenda kucheza nini?"

Niliwaza, nikawaza. Hakucheza, Calist. Sijawahi kumwona anacheza.

Nikasimama. Nikamwambia, "Nitazame mimi. Calist unayemjua wewe anainama akiingia mlangoni humu. Mama yetu alikuwa mrefu, ile miti ya kitanda ilirefushwa kwa ajili yake. Mjomba huyo hapo, mwambie asimame. Mimi nimezaliwa tumbo moja na Calist na naishia kifuani kwake. Ukoo wetu si mfupi. Nilianza kubeba ndoo ya maji kichwani nikiwa na miaka sita, mama alipokuwa mgonjwa wa mimba zilizoharibika. Shule nikaishia darasa la tano. Huyo Kibiriti alizaliwa kama kila mtoto wa punda. Mwaka wa njaa, 2006, mama yake akafa njiani, na yeye hajatimiza mwaka. Tukamfunga madumu ya mama yake. Maji tuliyateremsha mlimani kuwauzia wachimbaji wa Sekenke, mwaka mzima na nusu, kwa sababu kulikuwa na mtu lazima amalize kidato cha nne. Kovu la mbavuni ni la kamba za wakati ule. Aliacha kukua, basi. Mtoto wake anakua kwa sababu hajabebeshwa."

Sikutaja jina la huyo wa kidato cha nne. Na yeye hakuniuliza.

Alikaa ameshika kikombe. Akauliza kama maji ya hiyo chai niliyachota mimi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Calist alisema amekupa punda mkubwa." Hapo nilikaa kimya, na kimya si uongo, ila sidhani kama kilikusaidia.

Nimekuharibia. Nimelia kwa hilo, na nimelia kwa hasira pia, kwa sababu umenifanya nichague kati ya mkate wa mwanao na mgongo wangu mwenyewe. Kwa nini hukuja kuniuliza ana kwa ana? Na mimi sijawahi kusema kwamba nyumbani sikutaki, ila wewe unapenda kuandika hivyo. Nyumbani pako wazi. Ni simu tu niliyofunga.

Eliza


Usa River
31 Agosti 2025

Eliza,

Kibao nilikikwangua mimi mwenyewe, kwa amri ya Janvi, watu wakitazama. Nilipomaliza alinipa chaki akaniambia niandike kweli. Niliandika neno "Kibiriti" nikashindwa kuendelea. Akachukua chaki akaandika yeye: "Kibiriti, kutoka Misigiri. Alibeba maji akiwa mtoto."

Sijafukuzwa. Nimetolewa usimamizi, nasafisha mazizi na kufungua geti. Vijana niliowafundisha kazi ndio wananituma. Umeridhika?

Nilidhani kila mtu atamkimbia Kibiriti sasa. Wamezidi kuja. Watoto hawasomi vibao.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Usiku nakuandikia barua kichwani, asubuhi sina hata mstari. Jana Zefania, ambaye sasa amenipita, aliniuliza kwa nini shangazi Eliza ni mfupi na sisi warefu. Miaka yote sikuwahi kujiuliza hilo. Nilikuwa nikidhani tu kwamba ndivyo ulivyo.

Janvi anasema wewe ndiye uamue. Ukitaka, Kibiriti na Biskuti wote watapandishwa kwenye lori la Innocent warudi kwako. Nijibu.

Calist


Misigiri
9 Novemba 2025

Calist mdogo wangu,

Wadudu wa mvua wameanza, maana yake kumbikumbi, na mjukuu wangu anawala akiwa anawakimbiza. Mjomba anakusalimu. Stumai amepata kibarua cha kupanda vitunguu. Mvua ya kwanza imenyesha vizuri na kisima cha karibu kimeanza kutoa maji ya matope.

Sijaridhika. Uliuliza, nakujibu.

Biskuti alifika wiki mbili zilizopita, kama nilivyomwagiza Innocent kwa mdomo. Kibiriti muacheni huko. Niliposema alirudi kwenye madumu siku ile ya lori, wewe ulidhani nakusimanga. Nilikuwa nakwambia kwamba mnyama huyo hajui kitu kingine, nikimrudisha atasimama tena palepale, na mimi nitamfunga kwa sababu naishi na kiu kama wote. Akae na huyo Pipo wake. Mvalisheni blanketi. Nimelisema hilo na halijaniua.

Biskuti ni wangu. Uzao wa kwanza ulichukua wewe, wa pili ni wa mfugaji; mama yake Kibiriti alikufa bila kuzaa wa pili, basi Biskuti anashika nafasi hiyo, na mjomba amethibitisha. Jina limeniletea aibu kisimani, nikimwita watu wazima wanageuka wanauliza biskuti ziko wapi. Ni mrefu kweli. Anacheza. Anachukua kanga yangu kwenye kamba anakimbia nayo, anataka nimfukuze, nami na shingo hii namfukuza. Sasa nimeona punda akicheza, ni kitu cha kijinga sana na nakaa nakitazama mpaka ugali unaungua.

Simfungi madumu. Kila asubuhi nabeba ndoo kichwani na yeye anatembea pembeni yangu mgongo mtupu, kwenda na kurudi, na kisima kizima kinanicheka. Wanasema Eliza amerukwa na akili, ana punda na bado anabeba maji mwenyewe. Mwache mfupi mmoja abebe, tunatosha tuliofupika. Mifupa ya punda inakomaa akitimiza miaka mitatu. Nimehesabu, ni Septemba ya 2027.

Mwezi huo nitamfunga madumu mawili, taratibu, upande na upande, na nitatembea mikono mitupu mpaka nyumbani. Siku hiyo nipigie simu. Nitapokea.

Dada yako,
Eliza